Jino la Mama na Kampuni ya Kati

Kazini walimwita Sindano. Alikuwa binti mwembamba, ni kweli, lakini jina hakulipata kwa wembamba. Alilipata kwa kupenya. Programu ikikwama mahali ambapo wenzake wameshanyoosha mikono, yeye huingia polepole, kimya, akatokea upande wa pili anaburuta uzi, na palipochanika pakawa pameshonwa.

Kampuni yao ilikuwa ya kati, si changa wala si kubwa. Ilitengeneza programu ya kupanga miadi, na vinyozi, mafundi cherehani na madaktari wa meno waliitumia kuwakumbusha wateja wao siku na saa ya kufika. Ilikuwa imekodi ghorofa mbili katika jengo lenye lifti moja, nayo hiyo lifti ilikuwa na siku zake. Wahandisi wote walikaa chumba kimoja kirefu, madirisha upande wa barabara. Mtu akipiga chafya mlangoni, aliitikiwa "afya!" na wa dirisha la mwisho.

Maoni kuhusu kampuni yalitolewa kwenye kona ya chai, na bingwa wa maoni alikuwa Kasuku, aliyekaa meza ya jirani na Sindano. Huyu huwezi kumuuliza kitu asikirudie kwanza ndipo ajibu.

"Kampuni changa unafagia mwenyewe," alisema Kasuku. "Kampuni kubwa humjui hata anayefagia. Hapa kwetu anayefagia unamjua, mwanawe unamjua, na siku akiumwa ufagio unaushika wewe."

"Na mshahara je?" aliuliza mtu.

"Mshahara je? Mshahara ni mdogo wake yule wa kampuni kubwa. Wamefanana sura, ila huyu wetu hakukua."

Wengine walilalamikia vikao, hasa vile vya kupanga vikao. Wengine walilalamikia ngazi ya vyeo: ukipanda kidogo tu unakuta kiti cha meneja, na anayekalia kiti hicho haandiki tena programu, anapanga likizo za watu. Walilalamika wakicheka, kisha kila mmoja akarudi na kikombe chake mezani.

Sindano siku hizo hakuwa akichangia. Alikuwa na lake moyoni. Kampuni kubwa, ile ambayo nembo yake imebandikwa mgongoni mwa simu za watu, ilikuwa imemfanyia usaili na ikamtaka. Alhamisi hiyo, mchana, wangempigia kusikia neno lake la mwisho. Kazini hakumwambia mtu. Alimwambia mama yake tu, na mama, karani mstaafu wa shule, alikuwa ameshamwamulia.

"Hiyo kampuni yako ya sasa nikiitaja, watu wananiuliza ni ya maji," mama alikuwa akimwambia kwenye simu. "Hiyo nyingine nikiitaja, mtu anatoa simu mfukoni ananionyesha alama yake. Sasa mwanangu, hapo kuna la kufikiria?"

Kwa Sindano lilikuwepo. Kwenye usaili walimweleza kazi atakayofanya: kitufe kimoja. Kitufe hicho kilikuwa na ghorofa nzima ya wahandisi wanaokilea. Alijaribu kujiona humo, mlezi mmoja katika walezi wengi wa kitufe, na hakujua kama moyo unamwenda mbio kwa furaha au kwa kutaka kutoroka.

Basi Alhamisi asubuhi, kichwa kikiwa huko, alikaa kujaribu ujumbe mpya wa kukumbusha wateja.

Hapa ni lazima nieleze tabia moja ya chumba kile. Programu yao ilikataa namba za simu za uongo. Kwa hiyo tangu zamani, kila mhandisi aliyetaka kufanya majaribio aliingiza namba ya ndugu yake, akampa miadi ya kujitungia, akahakikisha bomba la kutuma ujumbe limefungwa. Na kwa kuwa hakuna aliyetarajia kuonekana, utani uliingia. Kasuku alimpeleka mama mkwe wake kwa kinyozi, kunyolewa ndevu. Meneja, enzi zake za kuandika programu, alimpangia kaka yake mkubwa kupimwa gauni. Sindano alimpangia mama yake kung'olewa jino, na mahali pa kufika akaandika hapo hapo ofisini.

Asubuhi ile alifungua bomba ili ujumbe mmoja tu ufike kwenye simu yake mwenyewe. Alichosahau ni kuiambia programu iishie kwenye simu hiyo tu. Akabonyeza.

Simu yake ikatetemeka. Akatabasamu. Kisha ikalia ya Kasuku.

"Shikamoo mama mkwe," Kasuku alisema, akiinuka kwa heshima. Akasikiliza. "Ndevu? Ndevu zipi, mama?" Akaanza kuzunguka meza. "Hapana, mama. Hakuna aliyesema una ndevu. Hata mke wangu hajasema. Hata mimi sijawahi kuziona... yaani hazipo, mama, ndiyo maana sijaziona!"

Chumba kizima kilikuwa kimelala juu ya meza kwa kicheko. Mlango wa kioo ukafunguliwa, meneja akatoka na simu sikioni.

"Nani amempangia kaka yangu kupimwa gauni?"

"Uliyempangia ni wewe, bosi," Sindano alisema, mkono juu. "Niliyemtumia ni mimi. Nimeacha bomba wazi."

Ilikuwa desturi yao hiyo: aliyeharibu husema "mimi" papo hapo, na akishasema, hakuna anayeuliza mara ya pili. Meneja akafumba macho kidogo. "Bomba limefungwa?"

"Limefungwa."

"Wateja wa kweli wamepata?"

"Hapana. Ni jamaa zetu tu."

"Jamaa zetu tu," alirudia Kasuku, akifuta jasho. "Bora wangekuwa wateja."

Kila mtu akashika simu kuomba radhi kwao. Chumba kikajaa shikamoo na samahani. Sindano alimpigia mama yake, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena na tena, kwa karibu nusu saa. Alipoinua kichwa, mama alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la kuendea harusini, leso amejifunga kuzunguka shavu.

"Nimepanda ngazi zenu zote," mama alisema. "Lifti imenikataa. Daktari yuko wapi?"

"Mama! Umefuata nini?"

"Si umenipangia? Jino limenisumbua wiki nzima. Nilipoona ujumbe nikasema, huyu mtoto kumbe ananisikia hata nisiposema."

Kicheko kikazima kama kilivyokuja. Sindano alimsogezea mama kiti chake, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikipiga tunazungumza kampuni kubwa."

"Tunazungumza?"

"Haya, nazungumza." Mama akashika shavu. "Kwa hiyo daktari hayupo."

Sindano akamweleza yote, bila kujipamba. Mama alisikiliza, akatazama nyuso za wale wahandisi waliojifanya wanaandika. Kabla hajasema neno, Kasuku alikuwa ameshapiga simu.

"Ni yule daktari wa meno wa malalamiko," alimnong'oneza Sindano, kiganja juu ya simu. Daktari huyo walimjua wote. Kila programu ilipochelewa aliwapigia wao wenyewe, akagomba, kisha akauliza hali za watoto. "Anasema mama aje saa nane. Na anasema tusidhani amesahau lile tatizo la juzi."

Mama akaletewa chai, akaiacha ipoe kwa sababu ya jino. Hapo akatoa simu yake, akaanza kusoma ule ujumbe kwa sauti ya karani.

"'Unatakiwa kufika bila kukosa.' Ninyi ni polisi? Nimevaa haraka mpaka nimesahau pete. Na mtu akishindwa kufika, anasemea wapi?"

"Unajibu ujumbe huo huo kwa neno FUTA, mama. Miadi inafutwa."

"Nani anajua?"

Sindano akausoma ujumbe upya. Mlango wa kujibu ulikuwepo tangu mwaka jana, yeye ndiye aliyeutengeneza. Katika ujumbe hakuna aliyekumbuka kuutaja.

Akavuta kiti kingine. Mama akiwa begani kwake, akaondoa ule ukali, akaandika "tafadhali", akaongeza mstari: ukishindwa kufika, jibu FUTA. Kasuku akasoma, akarudia kila neno, akakubali. Meneja akasoma akiwa amesimama, akakubali. Bomba likafunguliwa, safari hii mbele ya macho ya chumba kizima, na ujumbe ukaenda kwa wateja wa kweli waliokuwa na miadi kesho yake.

Chai ya mama ilikuwa bado ina joto kidogo jibu la kwanza lilipoingia kwenye kioo cha kompyuta. Lilitoka kwa mteja wa fundi cherehani: "FUTA. Mtoto anaumwa, nitakuja wiki ijayo. Asanteni kwa kuniuliza."

"Huyo nani?" mama aliuliza.

"Simjui, mama."

"Na amejibu kwa hayo uliyoandika sasa hivi, nikiwa hapa?"

"Ndiyo."

Mama akaonja chai, akaihamishia upande usiouma. "Na huko kwingine ingekuwaje?"

"Huko ningeomba ruhusa. Na huyo niliyemwomba naye angeomba ruhusa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka meno yako yote yang'oke yenyewe."

Mama akacheka, jino likamchoma, akampiga bega. "Usinichekeshe, mjinga wewe!"

Lifti ilikuwa bado imenuna, wakashuka kwa ngazi, mama ameshika mkono wa binti yake. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, simu ya Sindano ikalia. Aliangalia namba, akasimama, akapokea. Sauti ya upande wa pili ilikuwa nzuri, ya mtu aliyefundishwa kuzungumza. Sindano naye alizungumza vizuri. Alishukuru, akasema amefikiri sana, akasema atabaki alipo. Walipomuuliza kama kuna kitu wangeweza kukibadilisha, alisema hapana, si kosa la mtu, ila yeye anapenda kuona kitu chake kikifika. Akaaga.

Mama alikuwa ngazi moja chini yake, amegeuka, leso imelegea.

"Umekataa?"

"Nimekataa, mama."

"Majirani nitawaambia nini sasa?"

"Sijui, mama. Nisamehe."

Mama akaifunga leso upya, akifikiri. Halafu uso ukamfunguka, upande ule mzima.

"Nitawaambia walikubembeleza, wewe ukawaambia hapana. Kwenye ngazi. Huku unampeleka mama yako hospitali." Akaushika tena mkono wa binti yake. "Ile hadithi ya kwanza haikuwa na utamu huu. Haya, shuka, tusimcheleweshe daktari wa watu."