Kijiti cha Pili cha Mashini ya Akaliza

Kabatesi alimjua Régis kabla hajawa na duka, siku alipompelekea simu iliyozama kwenye ndoo ya sabuni. Régis alikuwa na meza moja tu chini ya ukingo wa bati, kando ya soko la Mbugangari. Aliifungua simu, akapanga skrubu zake ndani ya vifuniko vya chupa za bia, akaisugua kwa mswaki, ikawaka. Alitaka elfu tano. Kabatesi akampa mbili.

"Mama, we uko mugumu," Régis alicheka. "Bon, leta. Lakini uniletee na wateja."

Kabatesi alikulia Karagwe, akarudi Rwanda mikono mitupu, akaanzisha biashara yake ya vitenge bila msaada wa mtu. Hakujua kazi ya bure. "Nitawaleta. Komisyo yangu?"

Hapo wakaelewana. Mjini humu hakiuzwi kitu, kiwe kiwanja au mbuzi, bila mtu wa katikati kula komisyo kwa muuzaji, na mnunuzi kwa kawaida haulizi.

Miaka sita ikapita. Régis, aliyevuka kutoka Goma na bisibisi tatu, alioa, akapata chumba chenye mlango wa chuma, akaanza kuuza kompyuta zilizotumika, zile ambazo watu wa hapa huziita mashini. Jumapili aliimba besi kwaya. Siku za kazi alikula mchana amesimama, sambusa mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili. Watano kati ya wateja wake wa mashini waliletwa na Kabatesi. Wa mwisho alikuwa Illuminée, muuza mabeseni, jirani yake wa ubavuni sokoni. Kwa kila mmoja, Kabatesi alipata elfu kumi yake.

Kisha binti yake Akaliza akapata nafasi chuoni kusomea uchoraji wa majengo. Bila mashini ya kubeba programu ya kuchora hakuna kazi ya vitendo, na bila kazi ya vitendo mwaka umepotea pamoja na karo yake. Kabatesi alilielewa hilo vizuri kuliko alivyoelewa kompyuta. Akamshika binti mkono, wakaenda kwa Régis.

"Iyi iko nyepesi, inapendeza macho," Régis alisema, akiisogeza pembeni mashini moja nyembamba. "Lakini haina kadi ya picha yake yenyewe. Itachora mulango, ikifika kwa dirisha inakufa. Mukamate iyi nzito."

"Mbona imechubuka?"

"Ulikuja kununua kifuniko, Mama Akaliza? Angalia ndani." Akaigeuza, akafungua mgongo: disku mpya, feni mbili, na vijiti viwili vya RAM, giga nane na nane. "Kumi na sita. Hapa ndiyo inawekea kazi yenye iko inafanya. Ikikosa nafasi, inasimama."

"Na gemu?" Akaliza aliuliza kwa sauti ya chini.

"Gemu na nyumba zinakula chakula kimoja, mwana wangu. Yenye itakuchorea gorofa, itakuchezea na mupira."

"Hakuna mpira," alisema Kabatesi. "Bei?"

Laki nne na themanini. Kabatesi akaanza na tatu. Alipapasa mchubuko, akalaumu betri, akataja duka la mtu mwingine, akainuka kuondoka mara mbili. Walipofika laki nne akaongeza, "Na komisyo yangu uitoe."

"Komisyo gani? Muteja si ni we?"

"Amemleta nani?"

Régis alicheka mpaka akafuta macho. "Yewe! Bon, tatu na tisini. Uiache, niweke Windows na zile programu zote. Kesho unakuja unachukua."

Kabatesi, ambaye hajawahi kuacha gunia mpakani hata kwenda kunywa chai, akaiacha. Alikuwa ameiacha kwa Régis.

Wiki tatu mashini ilikwenda, maana Akaliza alikuwa akiandika tu. Kisha ikaja kazi ya kwanza: nyumba ya ghorofa, ngazi na paa, ifike kwa mwalimu Jumatatu. Ijumaa, kila alipoweka paa, kioo kiliganda. Akazima, akawasha, kikaganda tena. Akafungua ukurasa unaoonyesha vilivyomo ndani.

"Mama, RAM ni nane."

"Ni kumi na sita. Niliviona vyote viwili."

"Ni nane. Inasema nafasi ya pili iko tupu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, na maduka yalifungwa hadi mtaa umalize kuzibua mitaro. Kabatesi alizibua, akapitia mashini nyumbani, akaenda nayo dukani na tope lake miguuni.

Régis hakukana. Hilo ndilo lililomuuma: hakujisumbua hata kumdanganya.

"Nilikitoa ulipoenda."

"Kwenye mashini ya mwanangu?"

"Keti, Mama." Hakuketi. "We unanishushia bei, bon. Alafu unakamata komisyo kwa ile kidogo yenye imebakia. Mi nikule nini, skrubu? Kila muteja mwenye ulileta, nilitoa kijiti kimoja. Wale wanaandika barua tu, hakuna mwenye aliona. Ile elfu kumi ulifikiri inatoka wapi?"

"Hata kwa Illuminée?"

"Hata kwake."

"Miaka sita, Régis! Nimekuwa nikiapa kwa jina lako."

"Na mi nilikulipa juu ya kuapa."

Akavuta droo, akatoa kijiti, akakibana ndani ya mashini, akaanza kurudisha skrubu. "Sasa iko kumi na sita. Tunyamaze, tuendelee kama zamani."

"Hicho umekitoa kwa nani?"

Régis alikaza skrubu ya mwisho. "Kwa mashini."

Kabatesi akaibeba, akaondoka. Jumapili jioni paa lilikaa juu ya nyumba ya Akaliza bila kioo kutikisika.

Jumatatu alimweleza Illuminée habari ya kijiti. Ya elfu kumi hakuigusa. Illuminée alifunika mabeseni yake, akaenda, akarudi na mashini ya mwanawe kwapani.

"Amekirudisha?"

"Amerudisha. Ameniambia na komisyo." Illuminée alibaki amesimama. "Nilikununulia fanta siku ile, Kabatesi. Nikisema umenipigania bei."

"Kila mtu anakula komisyo."

"Kwa mutu wa nje, ndiyo. Mi niko wa nje?"

Kabatesi akatoa elfu kumi. Illuminée akaipokea, kwa kuwa ilikuwa yake, na kufikia Jumatano mabeseni yalikuwa yamehamia safu ya unga wa mihogo.

Wale wanne wengine Kabatesi aliwaambia yote mawili na kuwarudishia chao. Régis aliwapoteza, lakini mlango wa chuma bado unafunguliwa kila asubuhi, na sasa mama mmoja muuza mchele ndiye anayemletea wateja. Akaliza alipata kumi na nne kwa ishirini. Mama yake akiwa sokoni, mashini inacheza mpira.

Nafasi ya Illuminée imechukuliwa na Bahizi, muuza kufuli. Akitaka kwenda msalani, hufunga bidhaa zake zote kwanza. Hamwombi Kabatesi amtazamie.