Walinichagulia Mume, Nikampenda, Sasa Wanataka Nimwache

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mawifi zangu wako humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea mnisamehe, na wa kunitukana anitukane tu, nimeshazoea.

Kabla ya ndoa nilikuwa na mchumba niliyempata mwenyewe. Baba hakutaka hata kumwona. Yeye na rafiki yake wa siku nyingi, wote wa Sengerema, wanalima majaruba ya mpunga yaliyopakana, walishakubaliana watoto wao waoane. Nililia mpaka macho yakavimba. Baba akaniambia, "Acha ujinga. Hata mimi nilichaguliwa mama yako, mbona tumezeeka pamoja? Mapenzi utayakuta hukohuko." Ng'ombe wakaletwa, wakaingia zizini, mimi nikapelekwa.

Mwanzoni sikumpenda, nasema ukweli. Tulihamia Kirumba, yeye ni fundi wa injini za boti. Nampikia, namsalimia, basi. Halafu nikaugua taifodi, hata kusimama siwezi. Mume wangu alichukua beseni akaenda kunifulia nguo bombani, mpaka za ndani, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Wakamcheka, wakasema nimemlisha limbwata. Akawajibu, "Basi mwambieni aniongeze, maana nasikia raha!" Mimi nimelala ndani namsikia, nikacheka huku kichwa kinapasuka. Sijui ilikuwa siku hiyo au baadaye, ila nilimpenda. Nilimpenda jamani, tena vibaya. Nikirudi sokoni nanuka dagaa ananikumbatia hivyohivyo, hata sijaoga. Wanaosema mume wa kuchaguliwa hapendwi waje waniulize mimi.

Sasa sikieni kichekesho. Msimu huu baba na baba mkwe wamegombana kuhusu mpaka wa majaruba. Tuta moja tu la udongo! Kila mmoja anasema mwenzake amelisogeza. Baba akatuma ujumbe kwamba binti yake hawezi kumpikia mtoto wa mwizi, nirudi nyumbani. Baba mkwe naye akajibu, "Arudi, lakini na ng'ombe wangu warudi." Nikadhani ni hasira za wazee, zitapoa. Wapi! Jumapili iliyopita wakaitisha kikao cha koo zote mbili. Tukapanda kivuko kwenda Sengerema, mimi, mume wangu na mtoto. Njiani namuuliza, "Utawaambia nini?" Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi, mke wangu."

Kwetu mwanamke hakai kwenye kikao cha ng'ombe. Nikawekwa jikoni na shangazi yangu, nasonga ugali, masikio yako nje. Nawasikia wanajadili ng'ombe waliozaa, ng'ombe waliokufa, na mtoto wangu abaki upande gani, wanamtaja kama ndama. Mwishowe mzee mmoja akamuuliza mume wangu, "Na wewe kijana, unasemaje?" Nikaacha kusonga. Mume wangu akasema, "Mimi nawasikiliza wazee."

Weee! Nilitoka na mwiko mkononi. Shangazi ananivuta kanga, ananinong'oneza, "Mwanangu, utatutia aibu." Nikaichomoa. Shikamoo siku hiyo sikuwa nayo. Nikawaambia, "Nilipokuwa simtaki hamkuniuliza. Leo namtaka, bado hamniulizi! Huyu ni mume wangu, siendi popote." Baba akasema nina laana. Baba mkwe akatema mate pembeni. Na mume wangu, ambaye ndiye niliyekuwa nampigania? Kainamisha kichwa, anachezea kofia yake.

Kikao wamekiahirisha mpaka mpunga uvunwe. Mimi nikamchukua mtoto wangu nikavuka peke yangu, niko kwa rafiki yangu hapahapa Kirumba. Mume wangu amerudi mjini, anapiga simu kila jioni. Anasema, "Nakupenda, unajua nakupenda. Ila baba ndiye aliyenioza, siwezi kumpinga mbele za watu. Rudi nyumbani, tusubiri wazee." Nikamuuliza, "Mbona wanawake wa bombani uliwajibu?" Akaanza tena habari za wazee. Nikakata simu, nikalia kwa hasira, na dagaa zangu nilizoanika siku ile zilinyeshewa na mvua sina hata habari nazo.

Ndugu zangu, mliooa na mlioolewa, hebu niambieni. Nirudi kwake nikakae kungoja mavuno ya mpunga ndiyo nijue kama bado nina mume? Au nianze maisha na mtoto wangu kabla hawajaja kutugawana? Neno "vumilia" msiniletee, nimelishiba.

Baba yangu simshangai, na ng'ombe wachukue wote. Kinachonichoma ni huyu mwanaume. Alinioa kwa sababu baba yake alimwambia anioe. Akiniacha kwa sababu baba yake kamwambia aniache, yale mapenzi yote nitayaitaje? Mimi nilichaguliwa, halafu nikamchagua mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, na mwiko mkononi. Yeye atanichagua lini?