Mashine Inayoonyesha Jasho

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na banda la gemu Kilwa Masoko, nami nilishonea nguo katika chumba hicho hicho. Pazia la khanga lilitutenganisha. Upande wake palikuwa na televisheni moja ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, mashine moja kuukuu ya kuchezea mpira, pedi mbili za kubonyeza na mabenchi matatu. Upande wangu palikuwa na cherehani mbili, vipande vya vitambaa na mdomo wangu. Kutwa nzima nilisikia kila kilichotokea kwake, na kwa kuwa nilikisikia nilijiona nakijua.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja tu. Vijana waliorudi kutoka Dar walileta habari za mashine mpya ambazo picha zake, walivyosema, huwezi kuzitofautisha na mechi ya kweli. "Unaona mpaka jasho," mmoja aliniambia nikimpima suruali. "Nyasi unaweza kuzihesabu." Kuanzia siku hiyo sikumpa mdogo wangu raha. Nilimwambia wachezaji wake hawana pua. Nilimwambia ukiwatazama usoni unaona ukungu, na kwamba atakuja kubaki na mabenchi yake peke yake, wenzake wakihamia kwenye picha za maana.

Alikuwa mpole, na upole wake ulinikera zaidi ya jeuri.

"Jasho lao unalitaka la nini, dada?" aliuliza. "Unataka kuwafulia?"

Mimi nilikuwa natania nusu na kugomba nusu. Yeye alikuwa na hoja, ila hakuwa mtu wa kuipigia kelele. Alisema kwa kuwa wale wachezaji hawana sura, kila anayekaa benchi anawapa sura anayoitaka. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kipa wa timu ya bluu aliitwa Muuza Pweza, kwa sababu muuza pweza wa stendi naye hajui kudaka hata chenji. Beki mnene alikuwa mwalimu wa madrasa. Refa alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na kila alipopuliza filimbi banda zima lilimuuliza amekula nini. Ukifungwa unatoka, anaingia mwingine, lakini hakuna aliyetoka kabisa. Waliofungwa walisimama nyuma na kutangaza mpira kwa sauti kubwa, wakiwasingizia watu wa mtaani mambo ambayo hawakuyafanya. Nilicheka nyuma ya pazia mpaka nikajichoma vidole kwa sindano. Sijui kwa nini kicheko kile hakikunitosha.

Mdogo wangu naye alikuwamo mle ndani ya mchezo. Mashine ile ilikuwa na mahali pa kujitengenezea mchezaji: unachagua kichwa katika orodha, unachagua rangi, urefu, namna ya kukimbia, unampa jezi. Alijitengeneza mwenyewe akajiweka kiungo wa timu nyekundu, jezi namba nane, soksi zimeshuka. Alikimbia ameinama, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Mchezaji huyo alihifadhiwa katika kadi ndogo ya plastiki iliyochomekwa mbele ya mashine, na kadi ile haikuwa na nafasi ya mambo mengi. Mama yetu, anayelima Tingi, alipokuja kututembelea na mihogo yake alikaa benchi la mbele. Mpira haujui hata kidogo. Lakini katika watu ishirini na wawili wasio na pua, wakikimbia ovyo kwenye televisheni yenye mistari, alinyoosha kidole na kusema, "Huyo hapo." Hakukosea hata siku moja.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alikwenda Tingi kumsaidia mama kuvuna ufuta, akarudi na homa. Siku ya tano tulimzika. Sina zaidi ya kusema juu ya siku hizo tano, na nikiwa na la zaidi sitaki kulisema.

Msibani walikuja watani, watu wa makabila tunayotaniana nayo. Kwetu mtani ana haki zake kwenye msiba, na haki mojawapo ni kumwigiza marehemu ili waliofiwa wasizame kabisa. Aliyeshika kazi hiyo alikuwa mama mmoja Mmwera kutoka Kilangala, upande wa Lindi, mpana, mwenye sauti ya kuita kuku. Alivaa shati la mdogo wangu likagoma kufunga vifungo. Akachukua pedi, waya ukiburutwa chini, akainamisha mgongo na kuanza kuzunguka ua akibonyeza na kusonya kila alipokosa goli. Hakufanana naye kwa lolote. Ni mwanamke, ni mzee, ni mnene mara mbili yake. Lakini ua mzima ulimwona marehemu, na mama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alicheka kisha akalia, na baada ya hapo akakubali uji.

Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na mashine ya gemu kichwani pamoja na kadi yake.

"Hii nimeteka," alisema. "Mnikomboe kwa jogoo. Na awe jogoo wa kuwika, msiniletee mgonjwa."

Ndivyo inavyofanyika. Mtani anateka kitu cha marehemu, wafiwa wanalalamika, wanapatana naye, anapewa kidogo katika alichotaka, kitu kinarudi, watu wanacheka tena. Jogoo walikuwa wanapita pale pale miguuni mwetu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono.

Mimi nikamwambia achukue. Nikamwambia aichukue na waya zake, mimi nanunua mpya, inayoonyesha watu kama watu.

Alisimama na ile mashine kichwani. "Mtani, haijibiwi hivyo," alisema, taratibu, bila mzaha. "Bisha kidogo basi."

Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu siku zote hutoka kwa njia ya ukali. Nilijua pia kwamba nilimgombeza mdogo wangu kwa muda mrefu juu ya mashine hiyo hiyo, na sasa sikutaka kuiona. Sikubisha. Jioni ile akaondoka nayo kwenda Kilangala, na watu wakanitazama vibaya, na walikuwa na haki.

Niliuza cherehani ya pili na korosho za msimu, nikanunua mashine mpya na televisheni bapa. Ilinipa kazi kuiwasha, maana ilitaka apdeti kabla haijacheza chochote, na apdeti yenyewe ilimeza bando la wiki nzima. Ilipowaka, wallahi, nilisogea mpaka nikakaribia kugusa kioo. Jasho lilikuwepo. Nyasi zilikuwepo. Jezi zilipeperuka, na jukwaani watazamaji walivaa kila mtu nguo yake, nikaona na mishono. Wiki mbili banda lilijaa mpaka mlangoni.

Halafu nikaanza kusikia kitu nyuma ya pazia, na kitu chenyewe kilikuwa ukimya. Vijana walikaa wakitazama. Mchezaji alipoanguka, mashine ilimrudia kwa karibu, ikaonyesha alivyokunja uso, na wao wakasubiri amalize kukunja. Hakuna aliyemwita kipa Muuza Pweza, maana kipa alikuwa tayari na sura yake, ndevu zake, mpaka kovu lake. Ni mtu fulani wa Ulaya na kila mtu anamjua. Utamsingizia nini? Siku moja kijana mmoja alijaribu. Alisema refa ni mwenyekiti wa mtaa. Wakamtazama refa yule, mweupe, macho ya kijani, na hakuna aliyecheka. Walilipa, wakacheza, wakasema asante, wakaondoka. Banda langu likawa na adabu za zahanati.

Pengine mahali pengine picha nzuri zinaongeza utamu, sijazunguka dunia. Najua nilichokisikia kwa masikio yangu katika chumba nilichokijua. Kadiri wale wa kwenye kioo walivyozidi kuwa watu, ndivyo wetu wa kwenye benchi walivyozidi kuwa watazamaji, na watazamaji mimi ninao tayari jukwaani, tena wamevaa vizuri.

Lakini haya ya biashara ningeyavumilia. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba katika mashine mpya nitamtengeneza mwanawe, na safari hii atakuwa na pua.

Ile mashine inakuwezesha. Unapanua taya, unateremsha mashavu, unachagua weusi wa ngozi kwa vipimo, unaweka mpaka vifuko vya chini ya macho. Nilibandika picha yake ya pasipoti pembeni ya televisheni na kufunga banda kila alasiri kwa siku sita. Mimi ni fundi nguo, jicho langu linajua vipimo. Siku ya sita alikuwa yeye. Sitanii, alikuwa yeye kabisa, mpaka namna sikio la kushoto lilivyojitokeza. Nikampigia mama simu.

Alifika na kikapu chake, akakaa benchi la mbele kama zamani. Nikamwasha. Mashine ikamleta karibu, uso mzima kwenye kioo kikubwa, akipumua, jasho likimtoka kwenye paji, macho yakitazama mahali fulani juu ya vichwa vyetu.

Mama akavuta khanga aliyojitanda begani akaninyooshea.

"Mfunike, mwanangu," alisema.

Sikuelewa, au nilijifanya sielewi. Nikamwambia amtazame vizuri, sikio hilo hapo.

"Nimemwona. Ndivyo alivyokuwa siku ile ya mwisho, tulipomlaza." Akageuza uso ukutani. "Yule mwingine yuko wapi? Yule aliyekuwa anakimbia."

Nikazima. Nilikaa chini kwenye sakafu ya banda langu mwenyewe na kulia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata msibani. Mama hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Aliniuliza tu kama yule wa kukimbia naye amekufa. Nikasema hapana, yuko kwa mtani Kilangala, nitakwenda kumchukua.

Nilikwenda kesho yake asubuhi, na jogoo ndani ya kikapu, jogoo wa kuwika. Nilimkuta mtani wangu akianika udaga, ile mihogo mikavu ya kusaga. Mtani hasalimiwi kwa heshima, unamwanza kwa matusi madogo, lakini mimi nilisahau yote.

"Shikamoo," nikasema.

Akaacha udaga wake. "Shikamoo ya nini, mtani? Nani tena amefariki?"

Nikamwonyesha jogoo. Alimpokea, akamfunga mguu kwenye nguzo, na hakutania. Alisema tu nimechelewa sana. Mashine ilikuwa sebuleni, nzima, imefutwa vumbi, juu yake kitambaa cha kufuma. Alikuwa ameitunza. Wajukuu zake waliichezea alasiri wakitoka shule, na mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, ndiye aliyejua kuiwasha. Mimi, pamoja na miaka yote ya kuisikia, sikujua hata kitufe cha kuanzia.

Nikamwambia anitafutie timu nyekundu, mchezaji namba nane, anayekimbia ameinama.

Alibonyeza, akaangalia, akanitazama. "Yule aliyekuwa kwenye kadi?" aliuliza. "Kadi ilijaa, shangazi. Tulimfuta ili tupate pa kuweka ligi yetu."

"Mlimchezesha kabla ya kumfuta?"

"Hapana."

Bibi yake alisimama mlangoni na mikono yenye unga, akasema jina la Mungu kwa sauti ndogo. Sikumkasirikia mtoto. Nilitafuta ukali wangu, ule ambao haujawahi kunikosa, nikaukosa.

"Tunaweza kumtengeneza tena," msichana alisema. Alitaka kunisaidia, na alikuwa mwepesi sana. Akafungua mahali pa kujitengenezea, orodha ya vichwa ikatokea, vidogo, vyote na ukungu wao. "Alikuwa na kichwa gani?"

Nilivitazama kimoja kimoja. Nilikuwa na ile picha ya pasipoti ndani ya pochi, nikaitoa, nikaiweka pembeni, na haikunisaidia kitu. Nilijua taya lake kwa vipimo. Sikujua yeye mwenyewe, alipokaa peke yake mbele ya orodha ile, aliona kipi akasema huyu ni mimi. Nikamgeukia mtani, aliyemwigiza mpaka ua mzima ukamwona, nikamuuliza yeye.

"Mimi kichwa sikukitazama," alisema. "Nilitazama mgongo."

Basi tukaacha kichwa, tukaingia kwenye namna za kukimbia. Zilikuwa nane. Msichana alichagua ya kwanza, akamkimbiza mtu kwenye uwanja mtupu kutoka upande huu hadi ule. Nikasema siye. Ya pili, siye. Ya tatu nilidhani ndiye, tukairudia mara nne. Ya nne nayo nilidhani ndiye. Tulipofika ya sita niligundua kwamba nimetazama kukimbia kwa watu wengine kwingi mno, na kule kwake, kule nilikokuja nako kichwani kutoka Masoko, sikukuona tena.

Simu ikaita. Alikuwa mama, akiuliza kama nimefika salama na kama nimempata.

Yule mtu kwenye televisheni alikuwa bado anakimbia, maana msichana hakujua kama aendelee au aache.

"Nimempata, mama," nikasema.

"Anakimbia?"

"Anakimbia."

Akamshukuru Mungu, kisha akaniambia nisihangaike kumpelekea habari nyingine kwa simu, atakuja Ijumaa amwone mwenyewe.