Wavandali wa Joyline

Mwalimu Nyasuguta alifundisha historia kule Ntimaru kwa miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "labda". Alipostaafu alihamia Suna kwa mjukuu wake Joyline, muuguzi, akidhani atapumzika. Wapi! Ukoo ulitegemea daftari lake la majina ya mababu, aliloandika kwa kusimuliwa na marehemu baba yake, na hakuna uchumba uliosonga mbele kabla hajaulizwa kama bwana na bibi wana damu moja. Akisema wanayo, hata iwe ya mbali namna gani, hakuna harusi.

Sasa zamu ilikuwa ya Joyline mwenyewe. Alitaka kuolewa na Wesley, kijana wa Ntimaru anayefanya kazi Ndhiwa, na wazee wa Wesley walikuwa wanakuja Jumapili.

Alhamisi mchana Nyasuguta alimkuta Joyline akicheza gemu kwenye kompyuta, ile ambayo mchezaji hupewa taifa la kale aliongoze. Joyline alikuwa na Wavandali. Ajuza akavuta kiti, maana historia ndiyo fani yake. Akaeleza jinsi mfalme Gaiseriki alivyowavusha bahari mwaka 429, wake kwa watoto, kutoka Hispania hadi Afrika, wakaiteka Karthago, na jinsi ufalme wao ulivyofutwa baada ya karne moja hivi. Lakini kwenye kioo miaka mia mbili ilikuwa imeshapita, na Wavandali walikuwa bado Hispania, wananawiri, wanalima ngano. Nyasuguta akamwambia amekosea.

"Si lazima wavuke, Nyanya," Joyline alisema bila kugeuka. "Mimi nimewaambia wakae."

Neno hilo halikumtoka. Akaenda chumbani akafungua daftari, akatafuta ukurasa wa ukoo wa Wesley. Wanaume wawili walifika mto Migori na ng'ombe wao. Mmoja akavuka, na huyo ndiye babu wa akina Wesley. Mwingine akabaki, na huyo ndiye wa akina Joyline. Daftari lilisema walikuwa ndugu.

Hapo kichwa kikaanza kumzunguka. Alikumbuka vizuri kwamba jioni ya kwanza ya kusimulia baba yake alisema "marafiki", kisha kesho yake akasema "ndugu", na alipoulizwa akacheka tu. Naye, mwalimu kijana asiyependa fujo kwenye daftari, alikata neno moja akabakisha lingine. Kwa nini alibakisha "ndugu"? Alijikuna kichwa siku tatu. Huenda usiku ule baba alikumbuka vyema, akajisahihisha. Huenda "ndugu" lilimpendeza tu yeye mwenyewe. Mara aliona wale wanaume ni ndugu kabisa, wanafanana hadi masikio. Akinywa chai, wanageuka kuwa wageni waliokutana njiani. Aliogopa. Alikuwa amewaamulia watu wangapi namna hiyo?

Jumapili wazee walikula, wakanawa. Mzee Nyamongo, ami yake Wesley, akamgeukia kwa heshima.

"Mwalimu, wewe ndio unajua. Hawa watoto ni damu moja?"

Joyline alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sinia kwa mikono miwili. Nyasuguta alimtazama, akashusha macho.

"Walikuwa marafiki," alisema. "Si ndugu."

Nyumba ikachangamka. Nyamongo akaanza kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na Wesley, aliyeketi kando yake, akacheka kama mtu aliyetoka hospitali. Nyasuguta akaomba udhuru akaenda jikoni kunywa maji. Joyline akamfuata, akafunga mlango polepole. Hakuwa anacheka.

"Nyanya, jana nimeona hilo daftari. Umesema hivyo kwa sababu ni kweli, ama kwa sababu ni mimi?"

Nyasuguta alishika kikombe. Alitafuta jibu kila mahali kichwani mwake, kwa baba yake, mtoni, kwenye lile neno alilokata kwa wino.

"Sijui, mama," alisema. "Kusema kweli, sijui."