Baba Alivyotapika Nyumba za Pombe

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, tulihamishwa kwa nguvu mpaka kijiji kimoja karibu na Runyenjes, kikazungushiwa handaki. Lango likishafungwa jioni, homugadi, askari wenyeji wa mkoloni, walimpiga risasi aliyebaki nje. Baba yangu alifikiri hiyo ilikuwa sheria ya watu wasiokunywa muratina, pombe yetu ya asali. Alirudi akiyumba lango likikaribia kufungwa, na mama amesimama pale akimngoja.

Mhubiri alimtibu kwa wimbo. Mkubwa wa homugadi akamtibu kwa viboko. Dawa nzuri sana zote mbili, maana baba alitoka hapo na kiu zaidi.

Mama akamwita mganga. Huyo alininyooshea mimi kidole, akamuuliza baba tu, "Baba wa huyu msichana, pombe unakunywa kwa nani?"

"Unataka nikupeleke?" baba akacheka.

Kwetu ubaya hutapikwa. Unalamba dawa, unatema, na unataja kwa sauti kile unachokitoa. Mganga akamwambia baba ataje kila nyumba iliyomuuzia. Kupika pombe kulikuwa kumekatazwa, na majirani wote walikuja kutazama. Baba akalamba, akatema, akataja. Mara akaitaja nyumba ya mkubwa wa homugadi.

"Inatosha, mzee, umepona!" mkubwa akapiga kelele kutoka kati ya watazamaji.

"Bado," mganga akasema. "Tema."

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumuuzia baba hata tone. Akawa anarudi mapema, amenuna, lakini mzima. Majina yote ninayakumbuka. Wajukuu wa waliotajwa hunisalimia kanisani, wakinisifia jinsi babu zao walivyochukia pombe.