Kiti ya Commandant mu Salon Yetu

Admin, tafazali ficha jina yangu, hapa kila muntu anasoma. Niko mama wa miaka makumi ine na moja, tunaishi kando ya barabara upande wa Mushaki. Binti yangu wa kwanza iko na miaka kumi na kenda, amepata diplome yake. Wadogo wake wawili bado batoto kabisa.

Wengine wanafukia sufuria chini ya udongo sababu ya vita, bwana yangu yeye ananunua bafle mbili za muziki, kubwa kama mifuko ya makala! Akazisukuma mu kona za salon, zinaangalia dirisha na barabara. Nikamwambia, "Papa, zigeuze. Wakati huu hatuonyeshe kitu tuko nacho." Akacheka. "Mama, acha watu wajue tuko wazima."

Basi, walijua. Commandant wa wale wenye kushika kilima chetu akaingia na bunduki, hata hodi hakupiga. Nikafikiri anazibeba. Kumbe alikunja tu uso. "Papa, unaharibu muziki. Bafle mu kona inanguruma tu." Akazivuta mbali na ukuta yeye mwenyewe, akazipandisha juu ya viti vidogo mpaka usawa wa masikio, akazigeuza zote ziangalie kiti moja. Akakaa pale, akafunga macho. Na kweli sauti ikakuwa safi, na ile njo iliniudhi zaidi. Tangu siku ile kiti iko yake. Anakuja kila saa ya mangaribi, na sisi tunakulia jikoni kama wageni.

Juzi akavuta kiti ya pili karibu na yake, akaita binti yangu. "Kuja ukae, uniambie kama inakufikia muzuri." Mutoto akakaa, mikono imebana magoti. Muziki ilikuwa juu sana, sikusikia anamwambia nini. Nilisimama mulangoni, sikutoka pale mpaka wimbo ikaisha. Wakati wa kutoka akaambia bwana yangu, "Siku ya Dimanche nitakuja na wandugu."

Nikamurukia bwana yangu: tumupeleke mutoto Goma kwa dada yangu! Akajibu, "Akimukosa atatumaliza sisi wote. Na tena, mama, muntu kama ule ni kinga." Kinga! Mutoto niliyebeba tumboni akuwe kinga ya bafle zake? Binti mwenyewe analia, "Mama, simutaki. Lakini nikitoroka, wataua papa na wadogo wangu."

Kuko muntu wa moto, wa pikipiki, amekubali kutubeba mimi na binti kesho asubui. Wadogo watabaki na baba yao. Nilifikiri niko na siku za kuwaza, lakini commandant hakungoja Dimanche. Leo watu wake wameleta ngombe ya mahari. Iko imefungwa nyuma ya nyumba, na bwana yangu anaikatia majani.

Bamama munaonisoma, nimupandishe binti kwenye pikipiki na niache hawa wadogo, ao nibaki nimutoe kwa commandant? Munijibu leo, tafazali. Kesho nitakuwa nimechelewa.