Nukta, Aya Mpya

Wanachuo walimpachika mume wangu jina la Nukta, na wala hawakumwonea. Alifundisha nadharia za ujifunzaji katika chuo cha ualimu mpaka nywele zikamwisha kichwani. Mimi nilikuwa mkutubi palepale, ukuta mmoja na darasa lake, namsikia akipita kati ya madawati: "Piaget anasema mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe, nukta. Kwa hiyo mtoto si debe la kujazwa, nukta. Aya mpya." Wao vichwa chini, wanaandika. Hata chafya ilikuwa kosa.

Kuna mwanachuo aliyakariri hayo kwenye mtihani wa mdomo, nukta na aya mpya zikiwemo. Mtahini alicheka mpaka akavua miwani. Mume wangu hakuona cha kuchekesha. "Angalau huyo alisikiliza," alisema.

Basi kitinda mimba wetu naye akajiunga na chuo. Tangu utotoni alitaka ualimu tu, hana la pili. Siku ya somo la majaribio, lile la kumpa cheti au kumnyima, mtahini alikuwa baba yake, maana wakufunzi walikuwa wachache. Binti aliwapa watoto wa darasa la kwanza vifungo vya nguo, wavipange wapendavyo kisha waelezane kwa nini. Nilichungulia dirishani. Jamani, walivyobishana! Kasichana kamoja kakamwelekeza mwenzake mpaka akaelewa, mambo yaleyale ya Vygotsky, kwamba mtoto hujifunza kwa mwenzake, niliyoyasikia ukutani miaka nenda rudi.

Baba yake akamfelisha. Eti kelele tupu, na ubaoni hakuna kitu.

Jikoni nilimjia juu. "Baba watoto, si ndivyo unavyowafundisha?"

"Ile ni nadharia, mama. Darasa ni darasa. Halafu sitaki kuambiwa nambeba mwanangu."

Mtu haambiliki, hasemezeki. Roho iliniuma, na hadi leo sijamsamehe.

Binti hakurudia mtihani. Sasa anauza vipodozi mji wa mbali. Juzi alinipigia, baba yake akaomba simu, nami nikaiweka kwenye spika, nikampa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Kazi?"

"Nzuri, baba."

Akakohoa. "Huna la kuniuliza, mwanangu?"

"Hapana, baba."

Akanirudishia simu. "Siku hizi ana adabu," akasema.

"Si umemfundisha mwenyewe," nikamjibu.